Yaya asema alikuja kwa mtoto, hakuja kwa ukoo mzima

Somo, salaam aleikum.

Nina mtoto mmoja wa kiume, ametimiza miezi kumi, naishi Tudor, hapa Mombasa, na mume wangu. Mimi naandika hesabu katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, mume wangu ana duka la vipuri vya magari Mwembe Tayari. Tunaye pia shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliyemaliza chuo mwaka jana na mpaka leo anatafuta kazi. Alikuja kukaa kwa muda.

Likizo yangu ya uzazi ilipokwisha, ile miezi mitatu, nilitafuta yaya. Mwenzangu wa kazini akanipatia msichana wa miaka 22 kutoka Kaloleni. Nitamwita Dama, si jina lake. Tulikubaliana kwa simu: shilingi 9,000 kwa mwezi, alale kwetu, ale kwetu, amlee mtoto na afanye vikazi vidogo vidogo vya nyumbani.

Sitamsingizia mtoto wa watu. Ni msafi, hana mdomo, na mtoto wangu akimwona anacheka mpaka fizi zote zinaonekana. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa namshukuru Mungu. Kisha kazi zikaongezeka, hata sijui ziliongezeka vipi. Mwanzo alikuwa akifua nguo za mtoto tu. Nikaona kwa kuwa maji yako tayari kwenye beseni, si vibaya akipitisha na zangu mbili tatu. Zikafuata za mume wangu. Siku moja nikakuta na za shemeji zimo. Chakula vilevile: alikuwa akijipikia cha mchana, lakini shemeji anashinda nyumbani naye lazima ale, basi akawa anapika cha watu, na jioni tukirudi tunataka tukute cha usiku kiko mezani.

Halafu maji. Kwetu mfereji hutoa siku mbili kwa wiki, tena usiku, na tuko ghorofa ya tatu. Siku zilizobaki tunanunua kwa mwenye mkokoteni, naye huiacha mitungi chini kwenye ngazi. Dama huipandisha mtoto akilala.

Tangu Shaabani, mavyaa wangu, anayekaa Kibokoni, akaomba Dama awe anaenda kwake siku za Ijumaa kumsaidia, kwa sababu magoti yanamsumbua. Dama humchukua mtoto, wakapanda tuktuk, akifika anasugua ua, anakuna nazi, anaosha vyombo, wakarudi magharibi. Ramadhani ikawa siku tatu kwa wiki kwa sababu ya futari. Idd imepita na Ijumaa imebaki palepale. Sikuwa na uso wa kumkatalia mama wa mume wangu.

Simsemi kwa uvivu. Huamka saa kumi na moja alfajiri, kulala ni saa nne usiku. Nyumba ina vyumba viwili, cha pili ni cha shemeji, kwa hiyo Dama hutandika godoro lake sebuleni, na siku nikichoka sana mtoto hulala naye. Jumapili huenda kanisani saa mbili, saa sita anakuwa amerudi.

Sasa haya ndiyo yaliyonifanya nikuandikie. Alhamisi moja jioni mume wangu alitaka kanzu yake ya Ijumaa ipigwe pasi. Dama akiwa katikati ya kupiga pasi, mtoto akaangua kilio chumbani, akamkimbilia. Pasi akaiacha juu ya kanzu. Ikaungua kifuani, na ni kanzu aliyoletewa na mjomba wake kutoka Oman. Mume wangu akakata shilingi 2,000 kwenye mshahara. Dama hakusema neno. Kesho yake narudi kazini namkuta mtoto nepi imejaa mpaka inavuja, mapaja yamefanya upele mwekundu. Nikamuuliza kwa ukali, sikatai. Akanijibu kwa upole kabisa: “Dada, mimi nilikuja kwa mtoto. Sasa mtoto ndiye anayefikiwa mwisho.” Akaniambia mambo yakibaki hivi, mwisho wa mwezi anarudi kwao.

Mume wangu asema ameota mapembe. Analala bure, anakula bure, na wasichana ni wengi, dalali ni wa kupigiwa simu tu. Mavyaa asema wao walilea watoto tisa na hawakujua yaya ni mdudu gani. Mimi nimebaki katikati. Kazi gani hasa ni haki kuzitarajia kwa yaya? Nimwongeze mshahara, nimpunguzie kazi, au nimwache aende nitafute mwingine?

Mama wa mmoja, Tudor

*

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Usimwache aende. Hilo nimelitanguliza ili usisome barua yote roho ikiwa juu.

Umesema kazi ziliongezeka na hujui vipi. Lakini umenieleza vizuri kabisa. Kila mtu mzima wa nyumba hiyo aliona kuna mikono, akatia yake. Wewe ulitia nguo zako, mumeo kanzu, shemeji sahani na shati, mavyaa ua wake wa Kibokoni. Mliajiri msichana mmoja, naye akajikuta na mabwana wanne, wala hakuna hata mmoja wenu anayejua wa pili amemtuma nini. Mtu aliyekaa hivyo miezi saba na bado anaongea kwa upole ni wa kushikwa kwa mikono miwili. Mapembe siyaoni.

Hebu tuhesabu, wewe ni mtu wa hesabu. Kutoka saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku ni saa 17. Agizo la mishahara ambalo mfanyakazi wa nyumbani huhesabiwa chini yake hapa Kenya linasema wiki ya kazi isizidi saa 52, zigawanywe kwa siku sita. Zidisha 17 mara tatu, unapata 51. Yaani kazi ya wiki nzima, ikibaki saa moja tu, Dama ameimaliza Jumatano usiku, na bado Alhamisi ina pasi na Ijumaa ina Kibokoni. Utaniambia hafanyi kazi saa zote hizo, mtoto akilala naye hupumua. Haya, mtolee saa tatu kila siku. Alhamisi usiku ameshazipita.

Na huko kulala kwa mtoto ndiko kulikonitia baridi nilipokuwa nikisoma. Mtoto akilala, Dama anashuka ghorofa tatu kufuata mtungi wa lita 20. Mtoto wa miezi kumi halali kwa kengele. Anaamka, anatambaa, anashika ukingo wa kitu na kujiinua. Na nyumba zetu za Mombasa, kwa shida hii ya maji, zimejaa ndoo, mapipa na mabeseni yasiyofunikwa. Mtoto wa umri huo kichwa chake ni kizito kwa mwili wake. Akiinama kwenye ndoo akatumbukia hana nguvu ya kujitoa, na maji ya kina cha vidole vichache yanatosha kumzamisha. Tena huwa hapigi hata kelele. Kwa hiyo leo hii, kabla hujamaliza kusoma, vyombo vyote vya maji vifunikwe vifuniko vizito au viwekwe nyuma ya mlango unaofungika. Kisha ujiulize: Dama akiwa kwenye ngazi, mtoto anaangaliwa na nani? Hukuniambia kama shemeji humwangalia. Nadhani ungeniambia.

Umeniuliza kazi gani ni za haki. Mimi naangalia jambo moja tu: kazi hiyo inamzunguka mtoto, au inamwondoa yaya kwa mtoto? Kumwogesha, kumpikia uji na kumpondea viazi, kumlisha, kufua na kukunja nguo zake, kuchemsha chupa zake, kufagia na kupiga deki pale anapotambaa, kumtoa jioni apigwe na upepo, hizo ni zake na una haki ya kuzidai zifanywe vizuri. Vyombo walivyolia chakula yeye na mtoto, pia sioni ugomvi. Halafu kuna kazi moja kubwa kuliko hizo zote, nayo ni kukaa na mtoto macho yakiwa kwake. Hii haionekani kwa sababu anayeifanya ameketi. Wengi wetu tukirudi tukamkuta yaya ameketi mkekani anamsemesha mtoto, tunahisi pesa zinapotea, tunamtafutia cha kumtuma. Lakini ndivyo mtoto anavyojifunza kusema, kwa kuwa na mtu anayemsemesha mchana kutwa. Ulimlipa kwa hilo kabla ya beseni.

Chakula cha jioni chawezekana, mkikubaliana waziwazi na mkamlipa, na kwa sharti kwamba Dama akiwa jikoni kuna mtu mzima amemshika mtoto. Jiko la moto na mtoto anayetambaa havikai pamoja.

Nguo za watu wazima ziondoke zote, na zako zikiwa za kwanza. Mjini kumejaa kina mama fua. Tafuta mmoja aje Jumamosi ukiwepo, mkubaliane bei ya siku. Shemeji afue zake mwenyewe. Na kama katika hilo beseni zilikuwamo na nguo zake za ndani, basi ni aibu ya nyumba nzima. Mwanamume aliyemaliza chuo hafuliwi chupi na binti wa watu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe la huyu liko chini kwenye ngazi limejaa maji. Yeye ndiye mtu wa maji wa nyumba hiyo kuanzia kesho. Sio adhabu. Anatafuta kazi, hana mshahara, nami namhurumia, lakini mikono anayo, na kila mtungi anaoupandisha ni dakika mtoto hakuachwa peke yake.

Sasa kuna jambo uliloliandika kwa kupita, kama mtu anayeeleza meza imekaa wapi. Shemeji ana chumba chenye mlango. Dama, msichana wa miaka 22, analala sebuleni. Usiku mumeo anapita hapo kwenda kunywa maji, shemeji anaingia saa anazozijua yeye, na binti wa watu yuko sakafuni kajifunika leso. Simtuhumu mtu, na wewe usimtuhumu. Lakini ningekuwa mamake kule Kaloleni nikaambiwa mwanangu analala njiani kwa wanaume wawili, nisingengoja mwisho wa mwezi. Shemeji ahamie sebuleni. Dama apate chumba na komeo linalofungwa kwa ndani, na usiku wa mtoto kuwa naye walale humo. Ukiondoa lile la maji, yote mengine niliyokuandikia yanaweza kusubiri, hili lifanyike wiki hii.

Hapo ndipo maneno ya mumeo yanapoanguka pia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa, au amlipe pesa za kutosha kupanga. Makao huja juu ya mshahara, kwa hiyo hakuna mtu anayelala bure hapo kwenu, labda tukimtaja shemeji. Na huyo anayesemwa anakula bure ndiye anayewapikia ninyi nyote!

Kwenye pesa utaudhika kidogo, univumilie. Kwa agizo la mwaka 2024, kiwango cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani katika jiji kama Mombasa kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila kuhesabu makao. Najua nyumba nyingi za hapa hazifiki hapo, na najua zako na za mumeo haziokotwi. Sikuambii ili nikutishe, ingawa ujue Dama ana pa kwenda: kuna ofisi ya leba, na chama cha wafanyakazi cha KUDHEIHA huandikisha wafanyakazi wa nyumbani. Nakwambia ili uone kwamba anayelipwa 9,000, yaani zaidi ya nusu kidogo tu ya kiwango hicho, akisema kazi zimemzidi hajakosa adabu. Na mshahara halali una makato yake, akiba ya uzeeni ya NSSF na ushuru wa nyumba ambavyo mnachangia nyote wawili, na bima ya afya ya SHA ambayo hukatwa kwake asilimia 2.75. Kaa na mumeo usiku mmoja na kalamu. Angalieni duka linaingiza nini, wewe unaleta nini, na kinachotoka kinakwenda wapi. Kama yaya wa kulala mnayemlipa kihalali hamumuwezi, semeni hivyo wenyewe kwa wenyewe, mwangalie njia nyingine. Wapo kina mama wanaolea watoto nyumbani kwao mchana, na wengine ni wazuri sana, ila usimpeleke mtoto pahali ambapo hujaingia mwenyewe mpaka jikoni na chooni, ukahesabu wako watoto wangapi kwa mlezi mmoja. Nikupe maoni yangu: ukiweka kando pesa za simu, chakula cha nje na vingine ambavyo mtu havioni mpaka aviandike, nyumba yenye mishahara miwili huweza kumfikia Dama hatua kwa hatua. Mpandisheni mwezi huu, mpange na tarehe ya kumfikisha panapostahili, mkizingatia kwamba sheria haikungojeni.

Kanzu. Sheria inamruhusu mwajiri akate kiasi cha haki kwa kitu kilichoharibiwa kwa makusudi. Dama aliiacha pasi kwa sababu mtoto wenu alilia, na kumkimbilia mtoto ndiko kulikomleta Tudor. Angebaki na kanzu na mtoto akaporomoka kitandani, leo ningekuwa nasoma barua nyingine. Mrudishieni 2,000 zake, na mumeo ndiye azitie mkononi mwake kwa kuwa ndiye aliyezikata. Kanzu ya Oman inauma, sikatai. Basi hupigwa pasi na anayeivaa.

Kuhusu mapumziko sitasema mengi. Mfanyakazi ana haki ya siku moja nzima katika kila siku saba. Ibada ya saa mbili mpaka saa sita si siku nzima. Jumapili iwe yake kuanzia Jumamosi jioni mtoto akishalala, akitaka aende kwao, akitaka alale mchana kutwa. Siku hiyo mnalea wenyewe. Mumeo atabadilisha nepi, hatakufa.

Sasa mavyaa, na najua hapa ndipo tumbo lako linapokukata. Usiende wewe. Neno hilohilo likitoka kwako litakuwa ukaidi, likitoka kwa mwanawe litakuwa habari. Aende Kibokoni baada ya swala ya Ijumaa, akae, anywe chai, asiseme kwa simu. Amwambie: “Mama, mtoto ameanza kutambaa, Dama hawezi tena kumtoa. Nimekutafutia mama wa kukusaidia kila Ijumaa, nitamlipa mimi.” Mwisho. Asitaje kuchoka kwa Dama, asikutaje wewe. Magoti ya mama yanauma kweli, haja yake ni ya kweli, na ni wanawe wa kuitimiza. Umesema ni tisa. Tisa wakichanga hata mia mia, Ijumaa ya mama yao haitamlaza mtu njaa. Tena mtoto wa miezi kumi kupelekwa huku na huko kwenye tuktuk mapajani mwa mtu aliyechoka, hilo mimi silipendi.

Na hao tisa waliolelewa bila yaya, mavyaa akilirudia usimbishie. Nyumba za Mji wa Kale zilikuwa na nyanya ndani, shangazi, dada wakubwa, na jirani ambaye mlango wake haukufungwa mpaka usiku. Yaya walikuwapo watano, ila hawakuitwa hivyo. Wewe uko ghorofa ya tatu na mtu wa miaka 22.

Ukishayapanga hayo, bwana wa Dama awe mmoja, na awe wewe. Mumeo akitaka kitu akwambie wewe, shemeji akitaka kitu ajifanyie. Kisha muandikiane. Kazi ya kufika miezi mitatu au zaidi sheria inaitaka iwe na mkataba wa maandishi, ninyi mmefika saba kwa makubaliano ya simu. Usiandike tena “vikazi vidogo vidogo”, maana ndani ya hivyo vidogo ndimo walimopita wote. Andika kazi zenyewe kwa jina, saa ya kuanza na ya kumaliza, mshahara na tarehe yake, siku ya mapumziko, likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka kwa malipo kamili, na kwamba anayetaka kuvunja mkataba atatoa notisi ya siku 28 kwa maandishi. Someni pamoja, mweleze pasipoeleweka, kila mmoja abaki na nakala yake.

Mazungumzo yenyewe usiyafanye usiku wa kazi akiwa amechoka. Chagua wakati mtoto amelala na mumeo yuko, lakini wewe ndiye uwe msemaji. Anza kwa kumuuliza yeye: katika kazi zote hizi, ipi inakuchosha zaidi? Kisha nyamaza. Nadhani atataja maji, ila nami si mchawi, anaweza kutaja jambo ambalo wewe na mimi hatukuliwaza. Akilitaja usilijibu kwa “lakini”. Lile la nepi pia liseme, kwa sababu ni kweli mtoto aliumia, na Dama analijua. Msikie atapendekeza nini. Upele wenyewe, mwache mtoto bila nepi saa kadhaa kwa siku kwenye hewa, umsafishe kwa maji matupu na kumkausha vizuri. Usipopungua baada ya siku mbili tatu mpeleke kliniki.

Huenda mkafanya yote na bado akataka kwenda. Ana haki hiyo, na wewe usimshikie mshahara wala begi. Mlipe siku zake zote alizofanya, zile 2,000 zikiwamo. Mlipe na likizo asiyoichukua, ambayo ni siku 1.75 kwa kila mwezi, kwa hiyo kwa miezi saba ni siku 12 na robo. Mwandikie barua ya utumishi inayosema alifanya kazi gani na kwa muda gani. Aliyefanya kazi zaidi ya wiki nne anaistahili kisheria, na itamsaidia kule aendako. Huyo atakayeletwa na dalali naye asipande ngazi kabla mkataba haujaandikwa na shemeji hajahama chumba.

Nauli ya Kaloleni mpe juu ya hayo. Hiyo usiihesabu kwa sheria, ni ya kwako.